Si Kila Kinoo cha Kale ni cha Mjerumani

Masanduku ya vinyozi wazee wa Bariadi, Maswa na Mwanhuzi bado yana vitu ambavyo kijana wa saluni hana kazi navyo: wembe wa kukunja wenye mpini mweusi, ukanda wa ngozi uliokakamaa, brashi iliyonyonyoka, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, jiwe laini la ukubwa wa kiganja. Wembe hujitambulisha wenyewe, maana jina la kiwanda limepigwa mhuri karibu na mpini; mara nyingi ni Solingen ya Ujerumani au Sheffield ya Uingereza. Jiwe halina hata herufi moja. Mjukuu akiuliza, jibu huja kabla hajamaliza swali: "Hilo la Mjerumani, mjukuu wangu. Siku hizi hayapatikani."

Huenda ni kweli. Shida ni kwamba jibu hilo hutolewa kwa kila jiwe, hata lile ambalo ukilitazama dakika mbili unaona ni kipande cha diski ya gereji. Nchini kwetu kitu chochote kizito, cha kale, ambacho hakuna aliye hai aliyeona kinaletwa, huhesabiwa kuwa cha Mjerumani. Ndivyo zilivyovumishwa rupia za Mjerumani, ndivyo watu wanavyochimba chini ya maboma ya kale wakitafuta hazina, na ndivyo matapeli wanavyokula fedha za watu wenye shida. Kinoo kikishaingia katika mkumbo huo hupatwa na moja kati ya mambo mawili: ama kitauzwa kwa bei ya kitu ambacho sicho, ama mwenyewe atachoka kungoja mnunuzi wa kufikirika, akipeleke shambani kunolea panga, na jiwe lililotunzwa miaka hamsini liharibike kwa msimu mmoja wa kulima.

Ninachosema ni kwamba jiwe la namna hiyo linaweza kutambuliwa kwa kiasi kikubwa palepale Bariadi, kwa mizani, ndoo ya maji, sindano na lenzi, mradi maswali yaulizwe kwa mpangilio. Swali la kwanza ni kama jiwe limechimbwa au limetengenezwa kiwandani. La pili ni limenoa nini. La tatu ni limepita njia gani kufika Simiyu. Jina la nchi na la machimbo huja mwisho, tena si kila mara. Wengi huanzia huko mwisho, kisha hutafuta ushahidi wa kuunga mkono jina walilokwisha kulipenda.

Tuanze na njia, kwa sababu hapo ndipo hadithi ya Mjerumani inapoanza kuyumba. Reli ya Uganda, ya Waingereza, ilifika Kisumu mwaka 1901. Kuanzia hapo bidhaa zilizoshuka Mombasa zilivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, wakati reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa bado haijafika hata Tabora. Ilifika huko mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, Waingereza wakiwa wameshika nchi. Maana yake ni kwamba katika utawala wa Mjerumani wenyewe, duka la Mwanza lililopeleka bidhaa Usukumani lingeweza kabisa kujaza rafu zake kwa vitu vilivyopitia bandari ya Mwingereza, vikaletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, Allidina Visram akiwa mmoja wa waliojulikana zaidi kuzunguka ziwa. Bendera iliyopepea bomani haikuamua kinoo kimetoka wapi.

Kinyume chake ni kweli pia. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916, lakini nyembe za Solingen ziliendelea kuuzwa duniani kote baada ya hapo, na vinoo vya Ujerumani vilikwenda nazo. Pamba ilipopamba moto Usukumani baada ya Vita vya Pili, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 chini ya Victoria Federation, uongozi ukiwa wa Paul Bomani, mkulima wa Maswa alikuwa na fedha mkononi na duka la karibu lilikuwa na cha kumuuzia. Ningeulizwa nikisie kipindi ambacho vinoo vingi vizuri viliingia katika eneo ambalo tangu 2012 tunaliita Mkoa wa Simiyu, ningetaja miaka hiyo ya pamba kabla ya kutaja miaka ya Mjerumani. Hapo natumia mantiki ya fedha na barabara. Karatasi za forodha sina. Lakini mantiki hiyo ina uzito kuliko kumbukumbu ya "babu aliambiwa".

Kumbukumbu yenyewe ilikatwa mara kadhaa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya, na kaya ikihama ghafla vitu vidogo hupotea au hubadilisha mikono bila maelezo. Ukafuata uhaba wa bidhaa, enzi za maduka ya kaya, ambapo sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni, sembuse kinoo. Kinyozi aliyevunjikiwa na jiwe lake alitumia alichopata. Ndiyo maana sanduku la kinyozi wa miaka ya 1980 linaweza kuwa na wembe wa 1930 na jiwe lililookotwa mwaka 1982, na vikakaa pamoja hadi leo kama mtu na ndugu yake. Umri wa wembe si ushahidi wa umri wa jiwe.

Kisha kazi yenyewe ikakoma. Gillette alianza kuuza wembe wake wa kubadilisha blade mwaka 1903, na bidhaa ya namna hiyo ilichukua miongo mingi kumfikia kinyozi wa chini ya mti. Kilichofunga mlango ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hilihili, na ujumbe wa kutochangia nyembe ukasambaa hadi vijijini. Kinyozi mwenye wembe mmoja wa kunoa kwa wateja wote akawa hatari, akabadilika au akaacha. Leo ni mashine ya umeme kwa nywele na blade mpya kwa ndevu, na mteja hutaka kuona karatasi yake ikifunguliwa mbele ya macho yake. Ni haki yake. Lakini katika mabadiliko hayo ujuzi wa kunoa haukurithishwa, na jiwe likabaki bila mtu wa kulisemea.

Sasa tulichukue mkononi. Kosa kubwa hufanyika hapa: mtu hulikimbilia kwa sabuni na msasa ili ling'ae. Usilioshe kwanza. Litazame likiwa chafu, ulipige picha pande zote sita kwenye mwanga wa asubuhi, uchunguze ncha zake mbili fupi. Viwanda vingi vilibandika karatasi ya jina kwenye ncha, na karatasi ikishatoka huacha kivuli cha gundi, mstatili au duara lenye rangi tofauti kidogo. Kivuli hicho peke yake kinakuambia kwamba jiwe liliuzwa dukani. Kama kuna sanduku la mbao au kopo, litunze pamoja na jiwe. Herufi chache zilizobaki zinaweza kuwa na thamani kubwa: maneno "Made in Germany" yalianza kuandikwa kwa wingi baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyolazimisha bidhaa za kigeni kutaja asili yake, na "Western Germany" haiwezi kutangulia 1949. Maribor, mji uliotengeneza vinoo vya vinyozi vya Swaty, ulikuwa ndani ya Austria hadi 1918, ukawa wa Yugoslavia, na sasa uko Slovenia. Jina la nchi likiwepo hupunguza ubishi mwingi.

Kisha tazama uso uliochakaa, maana huo ndio wasifu wa kazi yake. Wembe wa kukunja hulazwa mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, ukasukumwa kwa wepesi, kwa hiyo uso wa jiwe lake hulika taratibu na kwa upana, karibu usawa, labda ukabonyea kidogo sana katikati. Kisu cha jikoni huacha bonde linaloonekana kwa jicho, na panga huacha mteremko upande mmoja. Mifereji myembamba iliyonyooka ni ya vitu vyenye ncha: sindano, msharasi wa fundi viatu, au ndoano. Ukanda wa Busega, kuanzia Lamadi hadi Nyashimo, uko kando ya ziwa, na jiwe lililopita kwa mvuvi wa sangara litakuwa na mistari ya ndoano juu ya chochote kilichokuwepo kabla. Jiwe moja linaweza kuwa na tabaka tatu za matumizi. Ukizisoma kuanzia ya juu kwenda chini utajua ni nani aliyelitumia mwisho na, kwa bahati, nani aliyelitumia kwanza.

Baada ya picha, lioshe. Maji ya uvuguvugu na sabuni, basi. Mawe mengi ya masanduku hayo yana ngozi nyeusi ya mafuta, na kwa Simiyu, mkoa wa pamba, nashuku mafuta ya mbegu za pamba mara kwa mara. Mafuta hayo yakikaa hewani muda mrefu huganda polepole, yanakuwa kama vanishi, na jiwe la manjano linaonekana la kahawia, la kijani linaonekana jeusi. Kama sabuni haitoshi, mafuta ya taa kwa kitambaa yatasaidia. Usichemshe jiwe wala kulianika karibu na moto: kuna vinoo vya thamani vilivyoundwa kwa vipande viwili vilivyogundishwa, na joto huviachanisha. Mpaka hapo, rangi uliyokuwa ukiiona ilikuwa ya mafuta.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni uzito kwa ujazo, na nitakieleza kwa kituo kwa sababu hakina gharama. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Wanunuzi wa dhahabu wanazo nzuri zaidi ya hizo, na wauza viungo wengi pia. Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, ubonyeze ili isome sifuri. Funga jiwe kwa uzi, ulining'inize ndani ya maji lizame lote bila kugusa chini wala ubavuni. Mizani itapanda. Namba hiyo, kwa gramu, ndiyo ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Tuseme jiwe kavu ni gramu 260 na mizani imepanda hadi 95. Gawanya 260 kwa 95, unapata 2.74.

Namba hiyo inasema mengi. Kwatzi safi ni 2.65, na mawe yaliyojaa kwatzi tupu hukaa jirani na hapo. Sleti, jiwe la tabaka lililotokana na tope la kale kugandamizwa, huwa kati ya 2.7 na 2.8. Kwa hiyo 2.74 inatuelekeza kwenye sleti, familia yenye vinoo bora kabisa vya wembe na pia vibao vya kuezekea nyumba visivyo na lolote. Ukipata zaidi ya 3, kuna madini mazito ndani: huenda ganeti, huenda chuma. Ukipata kati ya 2 na chini kidogo ya 2.5, jiwe lina matundu, na karibu hakika ni la kiwandani au ni udongo uliochomwa. Hapo viputo vitakuwa vimeshakuambia, kwani jiwe lenye matundu likizamishwa hutoa povu la hewa na kunywa maji. Kwa jiwe la aina hiyo achana na bakuli, pima urefu, upana na unene kwa rula, maana maji yanayoingia ndani huvuruga hesabu.

Kipimo cha pili ni sindano ya chuma. Ikwaruze ubavuni mwa jiwe, kamwe si kwenye uso wa kunolea. Sindano ikiacha mstari wa kijivu unaong'aa, hicho ni chuma chake chenyewe kilichobaki juu ya jiwe, maana yake jiwe ni gumu kuliko sindano. Ikichimba mfereji wenye vumbi, jiwe ni laini. Watu hudhani jiwe laini haliwezi kunoa chuma. Sleti nzuri huchimbika kwa sindano, lakini ndani yake kuna chembe za kwatzi ndogo mno, ngumu kuliko chuma cha wembe, zilizoshikwa na matope laini. Matope hulika, chembe mpya hujitokeza, makali hulainika bila kuchubuka. Ulaini wa mwili na ukali wa chembe ni mambo mawili. Ongeza tone la ndimu: likitoa mapovu, jiwe lina chokaa, na halikuwa kinoo cha wembe cha maana.

Kwa vipimo hivyo, uwezekano mkubwa kuliko wote ni kwamba jiwe la sanduku la Bariadi ni la kiwandani. Edward Acheson, Mmarekani, alipata kaborandamu mwaka 1891 kwa kuchoma udongo wa mfinyanzi na makaa kwa umeme, na baada ya miaka michache kiwanda chake kilikuwa Niagara Falls kikitumia umeme wa maporomoko. Chembe zake ni ngumu karibu na almasi, na ukiziangalia juani zinametameta rangi ya kijivu hadi nyeusi. Kampuni ya Norton ya Massachusetts ilitoa vinoo vya rangi ya chungwa na kahawia vya oksidi ya alumini, ambavyo vilinyweshwa mafuta kiwandani kabla ya kuuzwa. Vinoo vya vinyozi hasa vilikuwa vidogo, kama sentimita 13 kwa 5, vyenye chembe laini zilizobanwa, vingine vikiwa na sura mbili, moja ya kukata na nyingine ya kumalizia, na baadhi vilikusudiwa vitumike hata kwa povu la sabuni la kunyolea. Jina mara nyingi lilikandamizwa kwenye mwili wenyewe, kwa hiyo pitisha kidole na mwanga wa pembeni hata pale unapoona hakuna kitu.

Tena katika mawe ya kiwandani kuna yale ya kuokoteza. Viwanda vya kuchambua pamba vina karakana, gereji zina mashine za kunolea, na diski ikivunjika vipande havitupwi. Dalili yake ni ukingo mmoja uliopinda kwa mviringo kamili na upande mwingine uliovunjika ovyo. Kuna watu wamesugua vipande hivyo kwenye mwamba miaka mingi hadi vikawa mstatili mzuri, na hapo mviringo hubaki kwenye kona moja tu, kwa hiyo angalia kona zote.

Ikiwa ni la kuchimbwa, orodha ya dunia si ndefu kama wakusanyaji wanavyopenda ionekane. La manjano kama maziwa yaliyoganda, limekaa juu ya jiwe jeusi la samawati, zito kuliko sleti ya kawaida, ni la Ardennes nchini Ubelgiji, maeneo ya Vielsalm. Uzito wake unatokana na chembe ndogo za ganeti, ambazo ndizo zinazonoa, na kwa kuwa tabaka la manjano ni jembamba mara nyingi liligundishwa kwenye sleti. Mstari wa gundi ni mnyoofu kabisa. Tabaka lililoungana ardhini huwa na mpaka unaoyumba. Lenye rangi ya zeituni na madoa mekundu au ya zambarau, gumu na la polepole, linaelekea Charnwood huko Leicestershire, Uingereza. Jeupe, la kijivu au jeusi lenye uzito wa 2.65 ambalo sindano hailichimbi, na ukiweka tochi ya simu ukingoni mwanga unapenya milimita kadhaa, linaelekea Arkansas, Marekani. Ya Uskoti na Wales yapo pia, na yanasumbua kwa sababu yanafanana na sleti nyingine nyingi.

Na la Mjerumani je? Lipo. Ni sleti ya Thuringia, kuzunguka mji wa Sonneberg, ambako nyumba ya J. G. Escher na mwanawe iliuza nje ya nchi mawe yenye karatasi kwenye ncha, mara nyingi pamoja na kijiwe kidogo cha kusugulia ili kutoa tope. Rangi zake ni samawati iliyokolea, kijani hafifu, au manjano ya kijani. Mwili wake ni laini kwa sindano, uzito wake ni wa sleti, tope lake ni jeupe au kijivu hafifu, halina mistari ya mchanga, na ukilishika likiwa na maji linateleza kama sabuni. Uchimbaji ulikwisha katikati ya karne ya 20, ndiyo maana yanatafutwa. Jiwe la Bariadi likipita mitihani hiyo yote, mtu ana haki ya kusema linaelekea huko. Aseme "linaelekea". Bila karatasi ya Escher hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekwenda mbali zaidi kwa macho tu.

Kabla ya kumpa hata hiyo heshima, pima unene. Shule za msingi za zamani, za misheni na za serikali, ziliwapa watoto vibao vya sleti vya kuandikia. Kipande cha kibao hicho ni sleti halisi, laini, cheusi, na mtu mwenye subira anaweza kumalizia wembe juu yake. Lakini ni chembamba, milimita chache, na huenda kina mistari iliyochorwa upande mmoja. Si Thuringia, ni darasa la kwanza. Kwangu kipande hicho kina hadithi nzuri zaidi kuliko jiwe la dukani, ila soko halinikubalii.

Linabaki swali ambalo wakusanyaji wa Ulaya hawalijui na sisi hatuna budi kuliuliza: je, jiwe ni la hapahapa? Simiyu iko juu ya miamba ya kale sana, sehemu ya bara la Afrika yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Matale ya Usukumani yana chembe kubwa mno. Yananoa panga na jembe, lakini yatachana makali ya wembe. Lakini ndani ya mikanda ya miamba ya kijani na volkano ya kale iliyobadilika, ileile inayobeba dhahabu kusini na mashariki mwa ziwa, kuna mawe laini mno: majivu ya volkano yaliyogeuka sleti, mawe ya gumegume, na miamba ya chuma yenye mistari myekundu na myeusi. Hiyo ya chuma utaitambua kwa uzito unaozidi 3 na kwa sumaku, ambayo mara nyingi huvutwa walau kidogo. Kabla ya bidhaa za meli, Wasukuma walipata majembe ya chuma kwa wahunzi wa Warongo wa upande wa Geita, na penye chuma pana kunoa. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba watu walioishi na chuma vizazi vingi hawakujua jiwe gani la mtoni linafaa kwa makali ya kunyolea.

Jiwe la hapa hutofautiana na la dukani kwa umbo. La dukani lilikatwa kwa msumeno, kwa hiyo chini na ubavuni hubaki mikwaruzo sambamba, na kona zake ni pembe mraba hata zikichakaa. La hapa lina upande mmoja uliosawazishwa na kazi, na mgongo wa mviringo ulioachwa na maji ya mto. Ukiokota kitu cha namna hiyo ndani ya ardhi badala ya sandukuni, hasa pamoja na vipande vya vyungu, acha kukisugua. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na mahali kilipokuwa kimelala ndiko kwenye taarifa kubwa kuliko jiwe lenyewe.

Mtihani wa mwisho ni makali, nao pia una utaratibu. Lisawazishe jiwe pale tu utakapokuwa umemaliza kuandika kila alama ya uso wake: chora miraba kwa penseli, lisugue likiwa na maji juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo, mpaka penseli ifutike kote. Fanya kazi hiyo kwa maji daima, maana vumbi la kwatzi likiingia kifuani halitoki. Chukua wembe wa zamani usio na mapengo, paka wino wa makapeni kwenye ukingo, uulaze na kuusukuma makali yakitangulia, mgongo usiinuke. Wino ukifutika kwa urefu wote, jiwe na wembe vinaelewana. Halafu tazama mikwaruzo kwa lenzi. Kaborandamu ya kawaida itaacha mistari mirefu inayoonekana hata bila lenzi. Arkansas itaacha kioo. Sleti nzuri yenye tope jepesi itaacha ukungu laini bila mistari, na tope lenyewe litageuka jeusi polepole kadiri chuma kinavyolika. Rudia kwa maji matupu, kisha ulinganishe. Ukitaka kunyolea, wembe huo usafishwe kwa spiriti na uwe wa mtu mmoja tu.

Nimeona watu wakiridhika hapo, na wengi wana haki ya kuridhika: wamejua kwamba jiwe ni la kuchimbwa, ni sleti, lina uzito wa 2.74, liliuzwa dukani, lilinoa nyembe na baadaye ndoano, na linamalizia makali vizuri. Maelezo hayo yakiandikwa kwenye karatasi, pamoja na kijiji lilikotoka na kazi ya mwenyewe, na karatasi ikakaa na jiwe, yanamfaa mnunuzi, mjukuu, na makumbusho kama ya Wasukuma kule Bujora, iwapo familia itaamua kulitoa. Anayetaka zaidi aende kwa wanajiolojia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko Dodoma, na kazi ya kutambua miamba ndiyo kazi yake. Huko jiwe hukatwa kipande chembamba, kikasuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga ukapita, na madini yakaonekana moja moja chini ya hadubini: ganeti ya Ubelgiji haiwezi kujificha hapo, wala chembe za kaborandamu, wala majivu ya volkano ya Usukumani. Gharama yake ni kipande cha jiwe, kwa hiyo mwenye jiwe ndiye wa kuamua kama jina lina thamani hiyo; na akikubali, kipande kikatwe chini, penye mikwaruzo ya msumeno, mbali na uso ambao kinyozi aliutumia.